Parokia za Goma zilijengwa na wakimbizi: tusiwafungie kitabu wanaofika leo



Siku chache zilizopita nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa ofisi ya parokia moja ya mji huu. Sitaitaja jina, kwa sababu kosa nitakalolieleza si la parokia moja tu. Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja mwenye watoto watatu. Alikuja kuomba mtoto wake mkubwa aandikwe kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza. Aliyekuwa ofisini akamwuliza: "Kadi ya ubatizo iko wapi?" Mama akajibu kwamba ilibaki nyumbani, na nyumba yenyewe haipo tena. Akaambiwa: "Basi rudi kule mlikotoka, paroko wa kule akuandikie nyingine." Mama hakubishana. Alimshika mtoto mkono, akaondoka.

Kule alikotoka hakuna misa tena. Watu wametawanyika, na paroko mwenyewe alikimbia kama wao. Anayemwambia mama huyo arudi kule anajua vizuri kwamba hatarudi leo wala kesho. Maana ya jibu lile ni moja tu: wewe si wa hapa.

Ninataka kusema waziwazi ninavyofikiri. Mtu anayejua historia ya parokia za Goma hawezi kumwambia mkimbizi kwamba yeye si wa hapa. Parokia hizi zilijengwa na wakimbizi, zikajazwa na wakimbizi, na zaidi ya mara moja waamini wake wote waligeuka wakimbizi kwa siku moja.

Tuanze na zamani kidogo

Kabla Goma kuwa mji, Mapadri Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika, walikuwa wamekwisha kufungua misheni ya Nyundo, karibu na Gisenyi, mwaka 1901. Goma ilikuwa kituo kidogo cha Wabelgiji mbele ya Gisenyi, penye bandari ya ziwa. Upande wetu wa Kongo iliundwa Vikariati ya Kivu mwaka 1929, na mwaka 1959 Bukavu ikawa jimbo kuu. Kisha ikaja tarehe 30 Juni 1960. Wote tunaijua tarehe hiyo kuwa siku ya uhuru wa nchi. Wengi wetu hatujui kwamba ni siku hiyohiyo Roma iliyoanzisha jimbo la Goma na kumteua Mheshimiwa Joseph Busimba kuwa askofu wake wa kwanza. Jimbo letu na nchi yetu huru vina umri mmoja.

Tangu hapo maaskofu wamefuatana: Busimba hadi mwaka 1974, Faustin Ngabu hadi 2010, Théophile Kaboy hadi 2019, na sasa Willy Ngumbi. Mara nyingi historia ya Kanisa inasimuliwa hivyo, kwa majina ya maaskofu na tarehe za kuweka jiwe la msingi. Si vibaya. Lakini ukiishia hapo, hujasema bado ni nani aliyekaa kwenye mabenchi.

Miaka ya Mobutu iliacha alama yake pia. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa, na padri aliyembatiza Mzaire kwa jina la kigeni alitishiwa jela. Ndiyo maana katika familia nyingi za hapa babu anaitwa Joseph, mwana ana jina la kienyeji tu, na mjukuu anaitwa Joseph tena. Mwaka 1974 serikali ilichukua masomo ya Kanisa, na mwaka 1977 ikayarudisha kwa mapatano. Hizi tunazoziita leo "conventionnées" zimetoka hapo. Mtu akitaka kuelewa kwa nini masomo ya msingi ya mtaani kwake yako chini ya parokia, jibu lake liko katika miaka hiyo mitatu.

Waliokuja na mikeka

Mwaka 1993 vita vilianza Walikale, vikaenea Masisi. Familia zikateremka Goma. Mwaka uliofuata, Julai 1994, karibu watu milioni moja walivuka kutoka Rwanda kwa siku chache tu, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu. Halafu vita vya 1996, vya 1998, na vingine ambavyo kila msomaji anaweza kuvihesabu mwenyewe. Kila mara kulikuwa na watu walioshuka wakiwa na mkeka, chungu na watoto, na kila mara wengine kati yao hawakurudi tena kijijini. Walinunua kiwanja kidogo juu ya mawe ya volkano, wakajenga kwa mbao na mabati, wakajiunga na shirika la mtaa, wakaanza kuimba katika kwaya.

Nenda Ndosho, kwa Saint François-Xavier, misa ya kwanza siku ya Mungu. Baada ya misa waulize wazee: "Wazazi wenu walitoka wapi?" Utasikia Masisi, Walikale, Rutshuru, Kalehe, Lubero. Uliza hivyohivyo Mont Carmel na Saint-Esprit. Ni wachache watakaokuambia kwamba babu yao alizikwa hapa hapa Goma. Mji huu, wenye komini mbili za Goma na Karisimbi na watu wanaozidi milioni, ulikua kwa sababu watu walikimbilia humo. Yule anayejiita mwenyeji leo, mara nyingi ni mtoto wa mkimbizi wa jana aliyepata nafasi ya kukaa.

Siku ambayo wote tulikimbia

Kisha kuna tarehe 17 Januari 2002. Nilikuwa mtoto, lakini ninakumbuka. Volkano ya Nyiragongo ilipasuka siku ya alhamisi, na moto ukateremka kupitia uwanja wa ndege na katikati ya mji hadi ziwani. Karibu watu 400,000 walikimbia, wengi wao kuelekea Gisenyi. Zaidi ya watu mia moja walikufa. Kanisa kuu la Saint-Joseph, mama wa parokia za mji, liliharibiwa na lava. Usiku ule hapakuwa na paroko wala mwamini, mwenyeji wala mgeni. Wote tulikuwa barabarani tukitazama anga jekundu nyuma yetu.

Mama yangu alibeba vitu vitatu: mdogo wangu mgongoni, chungu kichwani, na mfuko wa plastiki mkononi. Ndani ya mfuko huo kulikuwa na kadi zetu za ubatizo. Baba alimlaumu njiani kwamba angebeba unga badala ya karatasi. Tuliporudi, nyumba ilikuwa imefunikwa na mawe meusi. Unga tungekuwa tumekwisha kuumaliza kwa siku mbili. Kadi zile ndizo zilizotuandikisha masomoni, kwa sababu ndiyo karatasi pekee iliyokuwa na majina yetu, tarehe zetu na majina ya wazazi wetu.

Tulikimbia tena Mei 2021. Volkano ilipasuka jioni ya tarehe 22, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama. Kwa siku kadhaa watu wa Goma walilala Sake, Minova na Gisenyi, katika masomo, makanisa na nyumba za watu wasiowajua. Je, kuna aliyemwuliza mmoja wetu kadi ya ubatizo kabla ya kumpa mahali pa kulala?

Na mwanzoni mwa mwaka 2025 vita viliingia mjini. Mwezi wa Februari kambi za pembeni ya mji, kama Bulengo na Lushagala, zikavunjwa. Waliokuwa humo waliambiwa warudi makwao. Wengine walirudi, wengine walikuta makwao hakuna ukuta uliosimama, wengine wameingia mitaani kwetu na kupanga chumba kimoja familia mbili. Hao ndio wanaogonga leo mlango wa ofisi ya parokia.

Kwa nini kitabu cha ubatizo ni jambo kubwa

Mtu anaweza kusema ninakuza jambo dogo. Hebu tuangalie.

Sheria ya nchi inataka mtoto aandikwe kwa serikali ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, lazima kwenda tribinali kutafuta ile karatasi tunayoiita "jugement supplétif", na kila mzazi anajua kwamba njia hiyo ina gharama. Mama aliyezaa katika kambi, chini ya hema, au porini akikimbia, atapata wapi siku hizo na pesa hizo? Kwa watoto wengi wa Kivu, maandishi ya kwanza yenye jina lao si ya serikali. Ni mstari mmoja katika kitabu cha parokia: jina, tarehe, baba, mama, msimamizi.

Mstari huo unaendelea kuishi. Mtoto akipata kipaimara, inaandikwa pembeni yake. Akifunga ndoa, hata katika parokia nyingine, taarifa hurudishwa na kuandikwa palepale. Anayetaka kufunga ndoa kanisani lazima alete cheti cha ubatizo. Kwa hiyo kumfungia mtu kitabu leo ni kumfungia mambo ya miaka ishirini ijayo.

Na hapa ninawaomba makatibu wa parokia na wakatekista wanisikilize vizuri. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 haisemi kwamba asiyekuwa na kadi arudishwe. Kanuni ya 876 inasema kinyume: pasipo madhara kwa mtu yeyote, inatosha ushuhuda wa shahidi mmoja anayeaminika, au kiapo cha mbatizwa mwenyewe ikiwa alibatizwa akiwa mtu mzima. Shahidi mmoja tu! Si lazima barua kutoka parokia iliyoteketea, wala safari ya kupita kwenye vizuizi vya watu wenye silaha. Kanuni ya 535 nayo inaiagiza kila parokia kuwa na vitabu vyake na kuvitunza kwa uangalifu.

Nilimfuata yule mama barabarani. Nilimwuliza ni nani aliyemsimamia mtoto siku ya ubatizo. Akanijibu: "Papa, ni mukubwa wangu. Yuko hapa Goma, anauza maharagi pale soko Virunga." Shahidi alikuwa mjini humuhumu, mwendo wa nusu saa kwa miguu! Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Tulirudi pamoja na huyo dada yake siku ya pili yake, tukamwona paroko mwenyewe. Alisikiliza, akauliza maswali matatu manne, akaandika, wakatia sahihi. Hazikupita dakika kumi na tano. Paroko aliijua sheria. Kilichokosekana ni mtu wa kuitumia pale mlangoni.

Mambo matatu ninayoyapendekeza

La kwanza: kila parokia ya Goma iwe na siku moja ya juma ya kupokea ushuhuda wa familia zilizohama, na itangazwe misani na katika mashirika. Siku hiyo mtu aje na msimamizi wake, katekista wake wa zamani, au jirani aliyekuwepo. Wakatekista wengi wa vijijini wako hapa mjini pamoja nasi, wengine wanasukuma chukudu, wengine wanabeba mizigo bandarini. Wanajua kwa kichwa majina ya watu waliowafundisha. Wakitumiwa hao, nusu ya kazi imekwisha.

La pili: vitabu vipigwe picha. Kanisa kuu lilimezwa na moto mara moja. Je, tumejifunza nini? Tunaishi chini ya volkano na katikati ya vita. Kitabu kilichoko mahali pamoja tu ni kitabu kilichokwisha kuhukumiwa. Siku hizi simu moja na kijana mmoja mwenye subira wanatosha kunakili kitabu kizima kwa siku chache. Nakala moja ibaki parokiani, nyingine ipelekwe mbali na Goma, mahali ambapo askofu atachagua.

La tatu: historia ya kila parokia iandikwe, na iandikwe kwa Kiswahili, lugha ambayo mama wa sokoni anaisoma. Isiwe orodha ya maparoko peke yake. Kila shirika lichague wazee wawili, waulizwe: ulifika mwaka gani, ulitoka wapi, nani alikupokea, mlisalia wapi kabla ya kanisa hili kujengwa, nani alibeba mawe? Wazee wa 1960 wanatuacha kila juma. Tukingoja amani ndipo tuandike, tutaandika bila mashahidi.

Majibu kwa wanaopinga

Kuna wanaosema: "Watu wana njaa, wewe unatuletea karatasi." Ninaelewa. Nami ninajua bei ya unga. Lakini hakuna anayelazimishwa kuchagua kati ya hayo mawili. Parokia zilezile zinazogawa unga kupitia Caritas ndizo zilizo na vitabu. Na njaa ya mwezi huu ikipita, mtoto asiye na jina popote atabaki na shida yake.

Wengine wanasema: "Watu watadanganya." Labda wachache. Ndiyo sababu sheria inataka shahidi anayeaminika, na ndiyo sababu paroko anauliza maswali. Lakini mtu atadanganya apate nini? Nafasi kwenye mafundisho ya komunyo? Kama mtu anadanganya ili mtoto wake akae darasani na kusali, hiyo si hatari ya kwanza inayotukabili Goma.

Hoja ya tatu ninaiheshimu zaidi. Wanasema: "Orodha ya majina wakati wa vita ni hatari." Ni kweli. Katika eneo letu la Maziwa Makuu watu wameuawa kwa sababu ya kilichoandikwa kwenye karatasi zao. Kwa hiyo tuwe makini: kitabu cha ubatizo hakihitaji kabila, basi lisiandikwe. Mahali familia inapolala leo pasiandikwe. Vitabu na picha visionyeshwe kwa mtu asiyehusika, hata akija na bunduki au na pesa. Lakini hatari hiyo inatuomba tutunze vitabu vizuri. Haituombi kumwacha mtoto bila jina.

Mtoto wa Goma aliyeandikwa

Nimalizie kwa mtoto mmoja wa mji huu. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alikuwa kijana wa jumuiya ya Sant'Egidio, aliyefundisha watoto wa barabarani. Alifanya kazi katika OCC, ofisi inayokagua bidhaa mpakani, na alikataa hongo ili chakula kilichoharibika kisiingie sokoni. Aliuawa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri huko Roma, katika basilika la Mtakatifu Paulo nje ya kuta.

Kesi kama yake haiendi kwa machozi peke yake. Inataka mashahidi na maandishi: alizaliwa lini, wazazi wake ni nani, aliishi namna gani, nani alimwona. Kwa kuwa kulikuwa na watu waliokumbuka na kuandika, dunia nzima inajua leo kwamba kijana wa Goma alikataa pesa chafu hadi kufa. Ni wangapi wengine walikufa vizuri katika vilima vyetu, na hakuna hata mstari mmoja unaosema waliwahi kuwepo?

Mama yule na watoto wake wako mjini. Mtoto ameanza mafundisho. Dada yake wa Virunga amekwisha kuwaleta majirani wawili wengine kwa paroko, na wao pia walikuwa wamerudishwa mlangoni hapo awali. Wewe unayesoma au kusikiliza, kama ulirudishwa vivyo hivyo, rudi na shahidi wako na uombe kumwona paroko mwenyewe. Mwambie kwa heshima: kanuni ya 876. Na wewe unayekaa kwenye kiti cha ofisi, kabla ya kumwambia mtu arudi alikotoka, waulize kwanza wazazi wako walifika Goma mwaka gani.